Mchezaji Anayejilipia Karo

Wazazi wenzetu, kijana wetu anasoma chuo kikuu Marekani, na anataka kujaribu bahati yake katika timu ya mpira wa kikapu bila ufadhili. Nyumbani tumelijadili sana jambo hili.

Huko vyuo vikubwa huwalipia karo wachezaji waliowatafuta wenyewe. Wengine hujileta kwenye majaribio. Wakikubaliwa hufanya mazoezi yale yale, lakini karo ni juu yao. Mazoezini huiga uchezaji wa wapinzani ili wenzao wajiandae, na siku ya mechi hukaa benchi.

Kijana akatutajia Scottie Pippen, aliyeanza hivyo Central Arkansas mwaka 1983, kisha akatwaa ubingwa wa NBA mara 6 na Chicago Bulls. Tukamwambia: Pippen ni mmoja, wa benchi ni maelfu.

Tena nafasi zimebana. Zamani chuo cha daraja la kwanza kiliweza kulipia wanaume 13 na kuongeza wengine wa kujilipia. Tangu mwaka 2025, vyuo vingi vikubwa vina kikomo cha wachezaji 15 kwa jumla, na wote wanaweza kulipiwa.

Tumemruhusu, kwa sharti moja: masomo yakiyumba, aache mpira. Karo tunayojinyima ni ya shahada. Lakini kijana anayekubali kutoka jasho ili mwenzake ang'are, amejifunza kitu ambacho sisi tusingeweza kumfundisha kwa maneno.