Kiingereza cha Darasa la Kwanza, Nyaramba

Kiingereza cha kwanza nilichofundishwa kilikuwa cha amri. Mwalimu alitamka "Stand up", nasi tukasimama. Akatamka "Go to the door", mmoja wetu akatoka kwenye dawati akaelekea mlangoni, na akiwa bado njiani darasa zima likamuuliza kwa sauti moja: "What are you doing?" Naye akajibu pasipo kugeuka: "I am going to the door." Ulikuwa mwaka wa 1968, na Nyaramba ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Kisii. Chai ndiyo kwanza ilikuwa inaingia katika vilima vya Mugirango Kaskazini, ikishika nafasi ya wimbi shamba baada ya shamba. Vitabu vilikuwa vichache, lakini mlango ulikuwepo, na dirisha, na ubao, na mwalimu aliyekuwa na sauti.

Miaka mingi baadaye, nikisomea ualimu Kamagambo, ndipo nilipojua zoezi lile la mlangoni lilitoka wapi. Lilianza Nairobi mwaka wa 1957, katika shule za watoto wa Kihindi, ambako wataalamu walikuwa wakijaribu kufundisha kwa Kiingereza kuanzia siku ya kwanza badala ya kungoja mtoto akomae katika lugha ya nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtindo huo ukapelekwa katika shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya 1964 ikaunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ndiyo maana kaka yangu mkubwa, aliyeingia shule kabla ya uhuru, alianza na kitabu cha Ekegusii, nami nikaanza na mlango.

Nausifu mtindo ule kwa jambo moja. Ulifundisha kitendo kwa mwili. Hakuna mtoto wa darasa letu aliyesahau maana ya "go", kwa sababu kila mmoja alikwenda. "Open" ilikuwa mkono juu ya komeo, "jump" ilikuwa vumbi la sakafu ya udongo. Hata leo sijaona njia bora ya kumpa mtoto kitenzi kipya.

Kasoro yake ilikuwa kali. Ekegusii ilipigwa marufuku. Kulikuwa na kipande cha mbao tulichokiita diski; aliyesikika akisema neno la nyumbani alivishwa shingoni, naye akalazimika kumtega mwenzake ili amrithishe. Waliokipitia siku hiyo walichapwa jioni. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu ya adhabu ya namna hiyo katika shule za Ukikuyuni, kwa hiyo haikuwa yetu peke yetu. Ninachokumbuka zaidi si fimbo bali kimya. Mtoto aliyevunjikiwa na penseli, na ambaye hakuwa bado amefundishwa jinsi ya kuomba nyingine, alikaa bila penseli mpaka kengele. Tulijua kusema kwamba tunakwenda mlangoni, ila hatukujua kuomba ruhusa ya kutoka.

Kamagambo nikakutana na upande wa pili wa jambo hili, nao ni orodha. Mkufunzi wetu wa Kiingereza alitueleza kwamba kabla ya vita kuu ya pili kulikuwa na ubishi mkubwa juu ya maneno ambayo mwanafunzi wa mwanzo ayapate kwanza. Mwingereza C. K. Ogden alitoa jibu lake mwaka wa 1930: maneno 850 yanatosha kueleza karibu kila kitu, na kati ya hayo vitenzi ni 18 tu. Michael West, aliyekuwa amefundisha Bengal, alishika njia nyingine. Orodha yake ya mwaka wa 1953, yenye maneno kama 2,000, ilitokana na kuhesabu ni maneno gani yanajirudia zaidi katika maandishi ya Kiingereza, na vitabu vingi vya wanaoanza lugha hiyo vilijengwa juu ya kazi ya aina hiyo. Nilivutiwa sana. Nilipenda kwamba kuna watu waliokaa wakafikiri mtoto apewe lipi kwanza na lipi lisubiri. Lakini swali lilinibaki moyoni: maandishi yaliyohesabiwa yalikuwa ya nani? Neno linalojirudia katika magazeti ya London si lazima liwe neno ambalo mtoto wa Nyaramba analihitaji kabla ya saa nne asubuhi.

Huko huko chuoni ndiko tuliposikia habari za redio. Kati ya 1980 na 1985, Taasisi ya Elimu ya Kenya pamoja na wataalamu wa Marekani walijaribu mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika shule zilizochaguliwa, darasa la kwanza hadi la tatu, nusu saa kila siku ya shule. Kipindi kiliitwa "English in Action". Redio iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu, kisha redio ikatoa jibu sahihi ili wajisikie kama wamepatia. Kilichonigusa ni ule unyamavu wa katikati: mtu aliyeandika kipindi alikuwa amemwekea mtoto nafasi ya kusema. Nilipoajiriwa, nilijitahidi kunyamaza vivyo hivyo baada ya swali, na kuhesabu moyoni kabla ya kumsaidia mtoto. Walimu wengi hatuwezi. Tunauliza na kujibu wenyewe.

Nilianza kufundisha karibu na Nyaramba wakati mfumo wa 8-4-4 unaingia, mwaka wa 1985. Sera ilikuwa imebadilika kwenye karatasi. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, miaka mitatu ya kwanza ilitakiwa iwe kwa lugha ya eneo la shule, na Kiingereza kifundishwe kama somo. Vijitabu vya "Tujifunze Kusoma Kikwetu" vilikuwepo vya Ekegusii. Diski iliondoka taratibu, na katika shule nyingine haikuondoka kabisa. Nilipewa darasa la kwanza kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka, nami sikuliacha tena.

Picha nilichora mwenyewe. Tulipasua magunia, tukayashona upya yawe bapa, tukayatundika ukutani kama kalenda na kuyaandika kwa rangi. Nilipofika kwenye wanyama wa mbali nilitumia vinyago vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka. Kiboko na tembo wa kuchongwa waliingia mkononi mwa mtoto, akawashika huku akitaja majina yao. Mtoto akishika kitu mkononi, ulimi unafunguka. Nimeliona hilo mara nyingi mno kulitilia shaka.

Hata hivyo, somo la jamaa lilinifunza zaidi kuliko magunia yote. Kitabu kilianza na "father" na "mother". Mwalimu mgeni aliyetaka kurahisisha angepitia Kiswahili, aseme "father" ni baba. Kwa mtoto wa Kigusii wa miaka sita, baba ni mama yake mzazi. Mzazi wa kiume ni tata. Nimewaona watoto wakitazamana wakati mwalimu wa mafunzo kutoka pwani anaonyesha picha ya mwanamume mwenye ndevu na kumwita baba. Waliitikia kwa adabu, kwa kuwa walifunzwa kuitikia, na kwa majuma kadhaa walichanganya wazazi katika kila sentensi. Hapo hakuna njia ya mkato. Ama unaanzia Ekegusii, useme "father" ni tata, ama unamwacha mtoto katikati ya lugha tatu bila daraja. Nilianzia Ekegusii, mlango wa darasa ukiwa wazi, mwalimu mkuu akisikia.

Kisha kulikuwa na chai. Kufikia miaka ile karibu kila nyumba ilikuwa na vichaka vyake, na watoto walichuma alfajiri kabla ya shule. Walikuja darasani na Kiingereza ambacho kitabu hakikukiona: kilo na bonasi, neno hili la mwisho likitajwa nyumbani kwa heshima ya pekee. Tena kulikuwa na kanuni ambayo kila mchumaji wa chai ya wakulima wadogo anaijua, majani mawili na kichipukizi, ambayo maofisa wa kilimo waliitaja kwa Kiingereza: "two leaves and a bud". Nilikaa juu ya maneno hayo matano kwa muda mrefu kila mwaka. Ndani yake kuna hesabu, kuna wingi, kuna "leaf" inayogeuka kuwa "leaves", na kuna "a" ile ndogo inayowasumbua hata wanafunzi wa sekondari. Kila mtoto alileta tawi lake. Akisema "one leaf", wenzake walipiga kelele kwamba karani atakataa kupima. Walikuwa wanasahihisha sarufi kwa kanuni ya kituo cha kununulia chai, na walikuwa sahihi.

Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na nilifurahi kama mzazi na kama raia. Darasani, lakini, mambo yaligeuka ghafla. Watoto walikaa wanne wanne kwenye dawati la wawili, wengine sakafuni, wengine wakubwa kuliko wenzao kwa miaka mingi. Hapakuwa tena na njia ya kutembea kati ya madawati. Kitendo kikaondoka, ikabaki kwaya: mwalimu anasema, mamia ya vinywa vinarudia. Kwaya ina ubaya wake, kwamba asiyejua anajificha ndani ya sauti za wanaojua. Watafiti wa Uwezo walipoanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, waligundua kwamba takriban watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili. Baadhi ya walimu walikasirika. Mimi niliona ndiyo hali yenyewe.

Mwaka wa 2015 ukaja mpango wa kusoma wa Tusome. Kila mtoto alipata kitabu chake, si kimoja kwa watatu, na hilo peke yake lilibadilisha uso wa darasa. Njia nayo ilikuwa mpya kwetu. Badala ya kukariri umbo la neno zima kama tulivyozoea, mtoto alianza na sauti ya herufi, akaziunganisha sauti, akapata neno. Mwalimu alionyesha, kisha wote wakafanya pamoja, kisha mtoto mmoja mmoja. Ofisa wa mtaala alikuja na tableti, akamsikiliza mtoto akisoma, akahesabu maneno kwa dakika.

Kwa watoto wa Kigusii njia hii ilifichua kitu ambacho kwaya ilikifunika. Ekegusii haina sauti ya l. Shule yenyewe tunaiita esukuru. Katika kukariri, "lice" na "rice" zilipita zikiwa kitu kimoja, na picha ikasaidia. Katika sauti haiwezekani kupita. Ilibidi nimwonyeshe kila mtoto ulimi unapogusa, nyuma ya meno ya juu, na kungoja. Wengine walihitaji wiki, wengine walipata papo hapo wakacheka kwa kujisikia. Kazi hii ya ulimi ilistahili kufanywa tangu 1968.

Usomaji ulipanda, nilishuhudia kwa masikio yangu. Kilichonitia wasiwasi ni mtoto aliyesoma ukurasa mzima kwa ufasaha, nami nikamuuliza kwa Ekegusii kimetokea nini, akanitazama tu. Kitabu kilikuwa na sehemu ya maneno mapya, ila ratiba ilikuwa fupi na ofisa alipima kasi. Kwa hiyo nilijiwekea desturi: baada ya kila hadithi, mtoto mmoja aisimulie kwa lugha ya kwao. Dakika tano. Nilizitoa kwenye muda wa kunakili, na sijawahi kuzijutia.

Mtaala wa umilisi ulipoanza 2019 nilikuwa karibu kustaafu. Mwaka uliofuata shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto waliokuwa na simu au televisheni nyumbani walijifunza kutoka humo, kwa mfano kupitia katuni ya Akili, yule msichana mdogo wa kipindi kinachotengenezwa Tanzania. Ni kazi nzuri, ya Kiafrika, na inampa mtoto wimbo. Lakini leo kuna watoto Nyaramba, hasa wanaosoma katika akademia, wanaojua rangi na matunda kwa Kiingereza kabla ya kuyajua kwa Ekegusii, na wazazi wao wanajivunia hilo. Siwalaumu kwa kutaka Kiingereza. Mimi mwenyewe nimekula mshahara wake maisha yangu yote. Ninawakatalia kwenye jambo moja tu, kwamba lugha moja inapata nafasi kwa kuifukuza nyingine. Watoto wangu bora wa Kiingereza, wale waliofika vyuo vikuu, walikuwa ndio wasimuliaji wakali wa Ekegusii katika zile dakika tano.

Karibuni mama mmoja kijana alikuja kwangu kuuliza ampeleke wapi binti yake anayeingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, shule ya umma au akademia mpya iliyo kando ya barabara. Alitaka jina la shule. Nilimwomba kwanza azitembelee zote mbili asubuhi, asimame nje ya darasa, asikilize mtoto aliyebanwa na haja anaombaje kutoka. Kama anaruhusiwa kuomba kwa Ekegusii, na mwalimu akamjibu huku akimpa na sentensi ya Kiingereza ya kuombea kesho, basi ampeleke hapo, karo iwe juu au iwe chini.