Dakika Tatu za Nyamagana

Ndugu msomaji, umewahi kuona mpira ukichezwa zaidi ya dakika 90? Mimi nimeona, na siku hiyo nilipoteza fedha ya nyuzi za nyavu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1974. Simba na Yanga zilikuja Mwanza, katika uwanja wa Nyamagana, kugombea ubingwa wa Tanzania. Timu hizi ni za Dar es Salaam, lakini hata sisi wa ziwani tulikuwa tumekwisha kugawanyika. Yanga ilikuwa bingwa miaka 5 mfululizo, tangu 1968 hadi 1972. Mwaka 1973 Simba ikauchukua ubingwa. Sasa ilikuwa lazima mshindi apatikane siku ile ile. Timu zikitoka sare, zingeongezwa dakika 30: 15 kwanza, halafu 15 nyingine.

Wakati huo nilikuwa kijana mvuvi. Baba alinipa shilingi 20 nikanunue nyuzi mjini, maana nyavu zetu za sato zilikuwa zimechanika. Huko mjini nikakutana na mjomba wangu. Akasema, "Leo watakwenda dakika za nyongeza."

Nikacheka. Mimi ni Simba. Nikamwambia, "Tutawamaliza mapema." Tukawekeana shilingi 20. Usinicheke, msomaji. Mtu mwenye fedha ya baba mfukoni huwa jasiri sana.

Dakika ya 16 Adam Sabu akaifungia Simba. Wakati wa mapumziko nilikuwa nimekwisha kuchagua shati.

Kipindi cha pili kilikuwa kirefu. Jirani yetu alikuwa na saa, nami nilimwuliza kila mara. "Zimebaki 10." "Zimebaki 5." Mjomba alikaa kimya. Dakika ya 87, Gibson Sembuli akasawazisha. Zilikuwa zimebaki dakika 3 tu!

Mjomba hakuruka. Alininyoshea mkono, nikampa fedha. Dakika ya 97 Sunday Manara akafunga bao la pili. Yanga 2, Simba 1. Mpira ukaisha hivyo.

Tulipotoka nikamwuliza, "Mjomba, ulijuaje?"

"Sikujua," akajibu. "Wewe ulitazama timu unayoipenda. Mimi nilitazama zote mbili. Hawa wanajuana kama ndugu wa nyumba moja, na hakuna anayekubali kushindwa. Lakini Sembuli angekosa, fedha ingekuwa yako."

Nyumbani baba aliuliza, "Nyuzi ziko wapi?"

Nikamweleza yote, tangu bao la Sabu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni akauliza, "La pili alifunga nani?"

"Manara."

Baba alikuwa Yanga. Alitabasamu kidogo, kisha akaingia ndani, akaniletea ndoano. Mwezi ule wote nilivua kwa ndoano.