Mtoto Hujigeuza Mwenyewe

Nilianza uuguzi mwishoni mwa miaka ya tisini, katika kituo cha afya kilicho juu kidogo ya soko la Kituku, kwenye ufuko wa ziwa, magharibi mwa Goma. Siku za kupima watoto, akina mama walipanda kutoka sokoni wakinuka samaki wa sambaza na makaa, kila mmoja akitaka kurudi kwenye meza yake kabla mitumbwi ya Minova na Idjwi haijafika. Tulipima uzito, tukajaza kadi, tukachanja, kisha tukatoa mafundisho mafupi. Kuhusu kujigeuza, fundisho lilikuwa moja: mtoto akiwa macho, mlaze chini kifudifudi apate nguvu za shingo na mabega.

Mama mmoja muuza kabichi ndiye aliyenishusha sokoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Mama muganga, nimulaze chini wapi? Huku ni mawe, kule ni moto, na kule benye kubeba mizigo banapita.” Nikamwambia, “Twende mama, unionyeshe.”

Alichonionyesha kikawa kazi yangu kwa miaka yote iliyofuata. Watoto wa miezi minne au mitano walilala juu ya meza katikati ya mboga, ndani ya katoni za sabuni, au juu ya magunia ya makaa. Huo ndio umri wenyewe wa kujigeuza. Jana mtoto alibaki pale ulipomweka. Leo umegeuka kumrudishia mteja chenji, naye amefika ukingoni. Chini ya meza kuna mawe ya volkeno yanayochana ngozi, na hatua moja pembeni kuna mbabula, jiko la makaa, yenye sufuria ya mafuta yanayochemka. Mtoto wa Kituku hubebwa mgongoni tangu alfajiri, kwa hiyo shingo yake huwa imara. Hakosi nguvu, anakosa mahali.

Basi tukaanza na mahali. Tuliokota kokoto, tukatandika gunia, juu yake mkeka na kitambaa cha kikwembe kilichonyooshwa vizuri. Mbabula ilihamishiwa upande wa pili wa meza. Wauzaji wa meza jirani walipeana zamu: mmoja anauza, mwenzake anatazama watoto wawili. Juu ya meza tulikataza kabisa, hata kwa mtoto ambaye “bado hajajua”, kwa sababu hakuna anayejua siku atakayojua.

Baada ya hapo ndipo nilipofundisha mikono. Mtoto akiwa chali, weka kitu anachokipenda upande mmoja, karibu na bega, akifuate kwa macho. Akianza kugeuka, kunja goti la upande wa pili ulivushe taratibu juu ya mguu wa chini, kisha ngoja. Kiuno kikigeuka, bega litafuata. Usimvute mkono kamwe. Mkono ukibanwa chini ya kifua, inua bega kidogo autoe mwenyewe. Fanya upande wa kulia, fanya na wa kushoto. Akiwa kifudifudi na amechoka, viringisha kikwembe ukiweke chini ya kifua, viwiko vikiwa mbele. Dakika chache zinatosha, si mara tu baada ya kunyonya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza angalau nusu saa ya kulala kifudifudi kwa siku kwa mtoto ambaye bado hajatambaa, ikigawanywa vipande vipande. Nilifurahi, kwa sababu vipande ndivyo pekee anavyoweza kuvipata mwanamke anayeuza.

Usingizini sheria hugeuka: mtoto hulazwa chali, kila mara, juu ya kitu kigumu kisicho na mto. Akishaonyesha dalili za kujigeuza, acha kumfunga mikono ndani ya nguo, maana akijikuta kifudifudi atahitaji mikono hiyo kuinua uso.

Lakini kwetu kuna hatari ambayo haimo katika vitabu vya malezi vya kwingine: mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa tunayovuta, hivyo hujikusanya mashimoni na mabondeni, hasa usiku na asubuhi kabla upepo na jua havijaitawanya. Haionekani. Mbuzi na mbwa hufa kwanza, halafu yeyote aliye karibu na ardhi. Kando ya ziwa, kuanzia upande wetu hadi Sake, maeneo yake ni mengi. Mtu mzima anaweza kupita akiwa amesimama asidhurike, na pale pale mtoto aliyelazwa akafa. Kwa hiyo nilipomwambia mama “mlaze chini”, nilitaja pia chini ipi: mahali palipoinuka, penye upepo, jua likiwa limeshapanda. Mei 2021 volkeno ya Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye mamia ya maelfu ya watu wakahama, wengine kuelekea Sake, wengine kwa boti. Wengi walilala nje, na fundisho hilo nililirudia kuliko yote.

Mwanzoni mwa 2024 vita vilikata barabara ya Sake kwenda Minova, chakula kikaja kwa maji, na ufuko ukajaa. Wakaja pia akina mama wa kambi za waliokimbia vita za Bulengo na Lushagala, wenye mahema yaliyosimamishwa juu ya mawe. Kwao mkeka ulikuwa mali. Tulitafuta maboksi ya kutandaza, na somo likabaki lile lile.

Wapo watoto ambao mahali hapakuwa tatizo lao: aliyekakamaa, aliyelegea, au aliyegeukia upande mmoja tu huku ngumi ya upande wa pili haifunguki. Hao hatukuwangoja. Tuliwatuma kwa daktari, na waliohitaji mazoezi ya viungo wakapelekwa kituo cha watu wenye ulemavu cha Shirika la Umoja, hapa hapa mjini.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kituo huniita niwafundishe. Hufika na maswali kuhusu goti na kiuno. Nawaambia wapige magoti kwanza kando ya meza ya mama, vichwa vyao vishuke mpaka usawa wa mtoto, wataje kila kilicho ndani ya urefu wa mkono wake. Wakimaliza kutaja, wamuulize mama kipi kinaweza kuhamishwa bila biashara yake kusimama. Kugeuka, mtoto atageuka mwenyewe.