Usizipunguze Picha Kamerani

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Nimefurahi mno kusikia umepata Nikon D7200 ya mtumba iliyo hali nzuri, na kwamba safari hii umeaminiwa harusi nzima, si kichen pati peke yake. Hongera, mama. Lakini neno moja ulilolisema mwishoni mwa simu halijanitoka moyoni. Ulisema mwenzako mnayefanya naye kazi hapo Dar es Salaam amekushauri uweke ubora wa picha kwenye Basic ili kadi isijae upesi, kwa kuwa wateja siku hizi wanataka picha za WhatsApp tu. Kwa mengi msikilize, maana anaijua kazi na anawajua wateja. Katika hili nakuomba usimfuate, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kamera yako ina megapikseli 24. Saizi L inakupa pikseli 6000 kwa 4000, M inakupa 4496 kwa 3000, na S inakupa 2992 kwa 2000. Hiyo ndiyo saizi. Fine, Normal na Basic hazigusi idadi ya pikseli hata moja. Kazi yake ni kuamua faili ya JPEG ibanwe kiasi gani. Fine hubanwa takribani moja kwa nne, Normal moja kwa nane, Basic moja kwa kumi na sita. Kwa hiyo picha ya L Basic ina pikseli zake zote, na ukiitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera utaiona nzuri kabisa. Hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu kioo kile ni kidogo mno kukuonyesha kilichopotea.

Fungua kwenye kompyuta picha ya mkono wa bibi harusi iliyopigwa kwa Basic, uikuze hadi asilimia mia, kisha tazama pale hina inapopita juu ya vifundo vya vidole. JPEG huikata picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kiraba huondoa yale mabadiliko madogo madogo ambayo inakisia jicho halitayaona. Rangi huiondoa zaidi kuliko mwanga, kwa kuwa jicho la binadamu ni hodari wa kutofautisha mwanga na giza kuliko rangi na rangi. Kwa picha nyingi kanuni hiyo haina neno. Lakini hina nyekundu juu ya ngozi ya kahawia inaonekana kwa tofauti ya rangi zaidi kuliko tofauti ya mwanga, na rangi ndiyo inayotupwa kwanza. Utaona vijani vya ua vimevujiana, vikonyo vyembamba vimekatika, na kandokando ya piko jeusi pametapakaa vumbi la viraba. Mchora hina alikaa na mwali usiku kucha kwa ajili ya mistari ile. Ikishapotea kwenye JPEG, hakuna programu wala fundi wa kuirudisha.

Tena ujue kwamba kamera hii hutoka kiwandani ikiwa kwenye JPEG Normal, na mtu akiirudisha kwenye mipangilio ya awali inarudi hapohapo. Kwa kuwa umeinunua kwa mtu, usidhani ameiacha ilivyotakiwa. Pia kile kitufe cha QUAL kushoto kwa kioo, ukikishika huku gurudumu la nyuma likizunguka, ubora unabadilika. Ukizungusha la mbele, inabadilika saizi. Katika purukushani za ukumbini hilo hutokea bila kukusudia. Kila unapobadilisha lenzi, tupa jicho kwenye kioo kidogo cha juu uhakikishe.

Sasa tuje kwenye RAW, ambayo kwa Nikon faili yake huitwa NEF. Canon wana CR2 na CR3, Sony wana ARW. Majina tofauti, kazi ni ileile. Kila pikseli ya kamera yako huona rangi moja tu: nusu ya pikseli huona kijani, robo nyekundu na robo buluu, kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976. NEF huhifadhi hesabu hizo kama zilivyopokewa. JPEG ni pale kamera inapokwisha kukuamulia: imejaza rangi zinazokosekana, imechagua weupe uwe upi, imekoleza, imenoa, kisha ikabana na kutupa kilichobaki. Sisi tuliofanya kazi chumba cha giza tulijua negetivu ni nini na picha iliyosafishwa ni nini, na hakuna studio yenye akili iliyokuwa ikimpa mteja picha kisha ikachoma negetivu. Anayepiga harusi kwa JPEG peke yake anafanya hivyo kila Jumamosi.

Kwa harusi zetu, faida ya NEF si ya vitabuni. Fikiria ukumbi wenye taa za LED za zambarau ukutani, taa ya njano ya mpiga video usoni mwa maharusi, shela nyeupe, kanzu nyeupe, na nyuso nyeusi za watu uliokuja kuwapiga. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. NEF ya biti 14 ina ngazi 16,384. Uso uliotoka giza karibu na shela unaweza kuunyanyua kwenye NEF ukapata ngozi yenye uhai. Ukiunyanyua vivyo hivyo kwenye JPEG unapata majivu na madoa. Ule uzambarau nao, kwenye NEF unauondoa kwa kurekebisha weupe kana kwamba ndiyo kwanza unapiga, kwa sababu mpangilio wa weupe (WB) umeandikwa tu kando ya faili, haujachanganywa na picha yenyewe. Siku za filamu, maabara zilirekebisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa Shirley, na sura za watu wetu ziliachwa zitoke zitakavyotoka. Leo uamuzi huo unaweza kuwa wako. Usiuachie mtambo.

Lakini usiifanye NEF kuwa ruhusa ya kupiga ovyo. Shela ikiungua kabisa kwa mwanga, hakuna ngazi 16,384 wala milioni zitakazorudisha nakshi zake, kwa maana hazikuandikwa popote. Washa ile alama inayomemeteka sehemu zilizoungua, na ukiona shela inamemeteka, punguza mwanga kidogo upige tena. Ujue tu kwamba onyo hilo, pamoja na histogramu, hutokana na JPEG ndogo inayokaa ndani ya faili. NEF yenyewe mara nyingi huwa imebakiza kidogo juu ya pale. Kidogo, usikitegemee.

Kuna hoja moja nataka uikalie zaidi ya zote. Mteja anaagiza picha za maharusi, lakini hajui ni ipi atakayoihitaji baadaye. Katika kila harusi kuna picha ya ukoo: watu arobaini, mistari mitatu, mabibi wameketi mbele na wengine wamejibanza nyuma. Miaka inapita, bibi mmoja anafariki, na familia inatafuta picha yake ya kuweka sebuleni. Bibi huyo hakuwahi kwenda studio. Picha yake nzuri kuliko zote ni ile uliyoipiga wewe, na humo uso wake ni sehemu ndogo sana. Kwa watu kumi na wanne katika mstari mmoja, picha ya saizi L inampa kila mtu pikseli mia nne na kitu kwa upana, na uso hupata kama 140. Kwa saizi S uso huohuo umebakiwa na pikseli 70, na ukiongeza mbano wa Basic, macho yake ni viraba viwili. Nimewaona watu wakija dukani na picha za namna hiyo kwenye simu, wakiomba zikuzwe, na ikabidi kuwaambia haiwezekani. Ni jambo zito kumwambia mtu aliyefiwa.

Ndiyo maana studio za zamani zilitunza negetivu zao. Kule Unguja, Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na mwanawe Rohit akaiendeleza baada yake. Watu huenda pale kutazama sura za Mji Mkongwe ambazo hazipo tena, kwa sababu kuna waliotunza. Ukifika Unguja, ingia.

Basi fanya hivi. Kamera yako ina matundu mawili ya kadi, na hilo ni jambo la kushukuru. Weka ubora kwenye NEF pamoja na JPEG Fine, saizi L, kisha kwenye menyu amuru NEF iende kadi ya kwanza na JPEG kadi ya pili. Kadi moja ikifa, harusi haijafa. NEF iweke biti 14 na mbano usiopoteza kitu. Faili moja itakuwa karibu megabaiti 28, na kadi ya gigabaiti 64 itabeba picha 2,000 hivi. Kwenye mbano wa JPEG chagua ule unaotanguliza ubora, si unaotanguliza udogo wa faili. Rangi ziache kwenye sRGB. Ukiona majina ya faili yanaanza na mstari wa chini, kama _DSC, ujue iko kwenye Adobe RGB, na stationari nyingi za kuchapisha zitakutolea picha zilizopauka.

Utapoteza kasi kidogo. Kwa NEF, ukikandamiza kitufe bila kuachia, kamera inashika picha kama 18 kisha inaanza kusuasua, na kwa NEF na JPEG pamoja ni chache zaidi, ilhali JPEG pekee inafika hadi 100. Bibi harusi anapoingia usimimine. Piga moja moja kwa kuchagua.

Sisemi JPEG haina mahali pake. Picha za pasipoti, mahafali ya shule ambako watoto mia nne wanapita mbele ya taa zilezile, au kazi ya gazeti inayotakiwa saa hiyohiyo: pima weupe kwa karatasi, piga JPEG Fine saizi L, umemaliza. Katika habari kuna wanaoitaka JPEG kwa kanuni. Shirika la Reuters, mwaka 2015, liliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume tena picha zilizotengenezwa kutokana na RAW, watume JPEG iliyotoka kamerani, kwa ajili ya haraka na ili picha ionyeshe kilichotokea bila kuremba. Kwa habari naikubali hoja hiyo. Harusi si habari ya leo.

Ukifika nyumbani, nakili kadi zote kwenye diski mbili kabla hujala, na usizifute kadi mpaka umefungua faili kadhaa kwenye kila diski. Za kufungulia NEF usihangaike na programu za wizi. Nikon wana NX Studio, ni ya bure, na inaziona rangi kama kamera ilivyozikusudia. Darktable nayo ni ya bure. Picha ukiifungua kwenye programu nyingine ikaonekana imefifia, usishtuke: urembo wa kamera haujawekwa, unauweka wewe. Usihariri JPEG ileile na kuihifadhi tena na tena, kwani kila ukihifadhi inabanwa upya. Rudi kwenye NEF, utoe JPEG mpya.

Mteja mpe JPEG zilizokamilika, saizi kamili, kwenye flashi. Zile za WhatsApp mtumie nakala ndogo ulizozipunguza mwenyewe, au umtumie kama dokyumenti ili zisibanwe njiani. NEF usimpe isipokuwa mmekubaliana na amelipia.

Najua utasema kadi na diski ni gharama. Ni kweli. Harusi ya picha 1,500 ni gigabaiti 42 za NEF, kwa hiyo diski ya terabaiti moja inakula harusi ishirini na kidogo, na unahitaji diski mbili. Usitoe fedha hizo mfukoni mwako. Zigawe kwa kila harusi, ziingize kwenye bei, na mwandikie mteja kwenye makubaliano kwamba picha zake zitatunzwa na kwa miaka mingapi. Anayetaka bei ya mwenzako, mwache aende kwa mwenzako.

Mama yako mwambie namsalimu. Jumamosi kabla hujatoka nyumbani, nipigie unisomee kilichoandikwa kwenye kioo cha juu cha kamera.

Ni mimi mjomba wako.