Pamba za Ipililo na Njeo ya Kiitaliano

Hapa visiwani Kiitaliano si kigeni masikioni. Katika pwani ya Kiwengwa husikika sambamba na mawimbi. Mimi, mzaliwa wa bara, nilijifunza kwa kitabu cha sarufi, bila ya mwalimu, kwa kiu ya ushairi tu. Hakuna kilichonishughulisha humo kuliko namna Waitaliano wanavyoieleza jana.

Mwanafunzi hukutana mapema na njeo mbili. Passato prossimo ni ya jambo lililotokea likamalizika: ho cantato, niliimba. Imperfetto ni ya hali, desturi na mandhari: cantavo, nilikuwa nikiimba. Ujenzi wake ni mwepesi: cantare huwa cantavo, leggere huwa leggevo, dormire huwa dormivo. Kikaidi ni essere: ero, eri, era. Ngano zao hufunguliwa kwa njeo hiyo, c'era una volta, ilhali zetu husema "paliondokea": wao hutandika mkeka kwanza, sisi humwinua mtu.

Thamani ya tofauti hii niliiona nilipokuwa nikitia katika Kiitaliano tungo yangu ya kumlilia mama, aliyeishi na kuzikwa Ipililo, mkoani Simiyu, penye mashamba ya pamba. Kwa Kiswahili nilisema: Mama alichuma pamba. Kiambishi chetu -li- ni karimu. Hakiulizi kama alichuma siku moja au umri mzima. Apendaye kubainisha husema "alikuwa akichuma", lakini halazimiki. Kiitaliano humlazimisha. Ha raccolto? Hapo kazi imekwisha, gunia limefungwa. Raccoglieva? Hapo mgongo umeinama, jua li utosini, wala hakuna neno lisemalo kuwa aliinuka.

Nikachagua raccoglieva. Vivyo hivyo era alta, alikuwa mrefu. Aveva le mani ruvide, alikuwa na viganja vya kukwaruza. La sera taceva, jioni alikuwa kimya. Mstari wa mwisho pekee ulikataa: è morta, alifariki, na irabu ile ya mwisho hutaja kuwa aliyekufa ni mwanamke. Kufa hutokea mara moja. Hakuna aliyekufanya desturi.

Tangu hapo, kila nisomapo marsia ya Kiswahili huzitazama -li- zake mojamoja, nikiuliza ipi imefunga mlango na ipi imeuacha wazi. Wafasiri wenzangu, tusiipite mbio silabi hiyo. Humo ndimo tunamoamua nani amekwenda, na nani angali shambani.