Manahodha Wawili

Ukimtafuta paka katika historia ya ndege, utampata mapema kuliko unavyodhani. Agosti 1910, kabla hata haijatimia miaka saba tangu ndugu Wright waruke mara ya kwanza, Mmarekani John Moisant alivuka kwa ndege ile bahari nyembamba iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza. Alikuwa na fundi wake, na paka aitwaye Mademoiselle Fifi. Oktoba mwaka huohuo puto kubwa la injini, jina lake America, liliondoka Atlantic City kujaribu kuvuka Atlantiki, na ndani yake mlikuwa na paka aitwaye Kiddo. Kiddo alilia na kupaparika hadi wenzake wakajaribu kumteremsha kwa mfuko ili boti iliyokuwa chini impokee. Bahari ilikuwa imechafuka, wakampandisha tena. Siku chache baadaye puto lilishindwa, meli ikawaokoa wote, paka akiwemo. Katika ujumbe wa kwanzakwanza wa redio uliowahi kutumwa kutoka chombo cha angani, kulikuwa na malalamiko juu ya paka!

Zamani visa hivi vilinichekesha. Siku hizi navisoma kwa jicho jingine, kwa sababu nami nimewahi kupanda ndege ndogo na paka, kutoka Lamu hadi Nairobi, na kati yetu alikuwepo mtu ambaye safari nzima ilimtegemea huyo paka.

Mtu mwenyewe ni Bibi, mzaa mama. Aliishi Mkomani, katika nyumba ya mawe aliyozaliwa, na figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka. Mjomba, anayekaa Nairobi, South C, alikata shauri kwamba mama yake ahamie kwake awe karibu na daktari. Bibi hakubishana. Alisikiliza mpaka mwisho, akamimina kahawa, kisha akauliza swali moja tu: "Na Nahodha yuwaenda na nani?"

Nahodha ni paka. Aliyewahi kufika Lamu anawajua paka wa pale: wembamba, miguu mirefu, masikio makubwa, wamekaa gatini wakingoja samaki kama watu wanaodai haki yao. Wengi hawana mwenyewe. Ni wa mtaa, wa msikiti, wa daka fulani. Hakuna anayewafukuza, Waislamu wanakumbuka kwamba hata sahaba mmoja mkubwa wa Mtume aliitwa Abu Huraira, baba wa kipaka. Nahodha naye alikuja mwenyewe, akakaa darini, akaangalia upepo. Ndiyo maana akaitwa Nahodha. Bibi hakuwahi kusema "paka wangu". Alisema "paka wa nyumba hii".

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Ukimhamisha paka wa mtu, unamfuatisha mtu wake. Ukimhamisha paka wa nyumba, unamtoa wapi na kumpeleka wapi?

Shirika la ndege tuliloliuliza kwanza halikutaka paka kwenye kabini. Njia ya barabara ingemchosha mgonjwa. Basi Mjomba akamkumbuka rafiki yake mwenye Cessna ya injini moja na viti vinne, ambaye alikuwa na safari yake ya kuja Lamu na angerudi na viti vitatu vitupu. Kimoja changu, kimoja cha Bibi, kimoja cha Nahodha. Nilipomweleza Bibi kwamba rubani naye ni nahodha wa chombo chake, alitikisa kichwa: "Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Daktari wa mifugo alitupa masharti. Chanjo ya kichaa cha mbwa, na cheti chake mkononi. Kizimba cha plastiki kiletwe nyumbani mapema, kikae wazi, paka akizoee kama kitanda. Asile kwa saa kadhaa kabla ya safari. Dawa ya kumlaza, hapana: huteremsha shinikizo la damu na kuuvuruga mwili unapojaribu kujipasha joto, na angani hakuna wa kumsaidia akizidiwa. Rubani naye kwa simu alikuwa na sharti moja, alilisema mara mbili. Paka asitoke kizimbani, na kizimba kifungwe mkanda kama abiria. Katika ndege ndogo miguu ya rubani iko juu ya pedali, na paka akiogopa hutafuta shimo la giza. Giza lililo karibu zaidi ni hapo chini ya pedali.

Kiwanja cha ndege cha Lamu kiko ng'ambo, kisiwa cha Manda, kwa hiyo safari ya angani huanza kwa mashua. Nahodha alilia tangu gatini hadi Manda. Alilia kwa sauti ambayo sikujua paka anayo, na watu wazima waliokuwa mashuani wakatazama pembeni, kama wanavyofanya mtu anapolia matangani. Bibi hakusema neno. Alikuwa ameufungia ufunguo wa nyumba kwenye pindo la kanga.

Injini ilipowaka, Nahodha alinyamaza ghafla. Nilifurahi. Bibi hakufurahi. "Paka anayelia ana tumaini," alisema.

Tulipaa saa tatu asubuhi. Kutoka Manda hadi Wilson ni kama kilomita 470, chini kidogo ya saa mbili kwa ndege ile. Mikoko ilipita chini yetu, halafu Mto Tana umejikunjakunja rangi ya chai ya maziwa, halafu nyika. Mawingu yalikuwa yakitutikisa, rubani akapanda hadi futi 10,500 kuyaacha chini. Ndege hizi hazijazibwa kama zile kubwa: hewa ya nje ndiyo hewa ya ndani, nyembamba vilevile. Na kila futi 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 2. Tuliondoka pwani tukitoka jasho, na sasa vidole vyangu vilikuwa baridi.

Nilipofunua kanga iliyofunika kizimba, Nahodha alikuwa anahema mdomo wazi. Mbwa akihema hivyo ni kawaida. Paka akihema hivyo, alishatuambia daktari, kuna jambo.

Bibi aliona. Alikuwa amevaa hedifoni kubwa juu ya mtandio wake, na rubani alishamwonyesha jinsi ya kusema. Akasema, kwa sauti ileile anayotumia kumwita mtoto wa dukani: "Mwanangu, turudi."

Sote tuliokuwa ndani ya ndege ile tulijua hazungumzii paka peke yake.

Rubani hakucheka, wala hakumbembeleza. Alitazama saa zake, akajibu: "Bibi, tuko katikati. Kurudi na kwenda ni muda uleule. Nitageuza ukitaka. Lakini kwanza niache nishuke kidogo, apate hewa nzito na joto. Dakika kumi. Halafu utaniambia."

Akashuka taratibu sana, futi 300 kwa dakika, ili masikio yasiume. Sisi watu tunajua kumeza mate au kupiga miayo. Paka hajui anachotakiwa kufanya, hufanya tu ikitokea. Akafungua na joto la injini. Bibi aliingiza vidole viwili kati ya nondo za kizimba akaviacha hapo, bila kumgusa Nahodha, vikae tu. Nilihesabu dakika kwenye simu yangu. Ya nne, mdomo ulifungwa. Ya saba, Nahodha alimeza, akameza tena, akaweka kidevu chake juu ya vidole vya Bibi.

Dakika ya kumi rubani hakuuliza. Alingoja. Mbele yetu vilima vya Ukambani vilianza kuinuka. Bibi alitazama dirishani muda mrefu, kisha akasema: "Nchi ni kubwa." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Hakuna aliyelitafsiri.

Nimelifikiria sana jibu lile, nikifikiria pia jinsi tunavyoandika safari. Hadithi nyingi za safari huandikwa na aliyeamua kusafiri. Moisant ana jina, ana tarehe, ana ndege yake. Fifi ana jina tu. Kati ya hao wawili, mwenye hofu kubwa zaidi hakuulizwa kitu. Kiswahili kinaujua mpaka huu vizuri, kinauweka ndani ya kitenzi: kuna kuhama, na kuna kuhamishwa. Miezi ya mwanzo Nairobi, mgeni akija na kusema "Nasikia umehama, Bibi", alikuwa anamsahihisha kwa adabu kama mwalimu wa sarufi. "Sikuhama. Nilihamishwa, mimi na Nahodha." Akikutajia paka, alikuwa anakutajia nafsi yake kwa njia isiyomvunjia Mjomba heshima. Mjomba alijua. Ndiyo maana hakulalamika siku mikucha ilipoishia kwenye kochi jipya.

South C iko jirani na Wilson, ndege ndogo hupita juu ya mabati siku nzima. Bibi aliketi kwenye veranda, Nahodha pembeni yake, wakizisikiliza. "Hiyo yaenda kwetu," alisema wakati mwingine. Sijui alijuaje. Mara nyingine aliniambia, "Hiyo si yetu, hiyo ya watalii wa mbuga."

Alikaa nasi miezi kumi na mmoja. Alipofariki tulimrudisha Lamu siku hiyohiyo, kama alivyousia, na ufunguo wake ukarudi mlangoni.

Kikabaki kitendawili ambacho hatukukitarajia. Je, Nahodha naye arudi? Mama alisema ndiyo, paka ni wa nyumba, na nyumba ipo. Mjomba alikubali, akawa tayari kumpigia tena rafiki yake. Nami nilitaka kukubali, kwa sababu kingekuwa kisa chenye mwisho mzuri. Ila nilimuuliza rubani, naye akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Nairobi iko juu, zaidi ya futi 5,500. Tulipokuja, tulishuka kidogo tu kabla ya kutua. Kurudi pwani ni kushuka mpaka usawa wa bahari, na masikio huumia zaidi wakati wa kushuka. "Njia ya kwenda kwenu," alisema, "kwa paka ndiyo ngumu zaidi."

Isitoshe, tungemrudisha kwa nani? Nyumba imefungwa. Darini hakuna mtu. Tungekuwa tunamhamisha mara ya pili ili sisi tujisikie tumetimiza jambo.

Aliyeamua ni mke wa mjomba, ambaye kwa miezi kumi na mmoja alikuwa akilalamikia manyoya kwenye busati. Tulipokuwa tunajadiliana sebuleni alikwenda jikoni, tukamsikia akikwaruza sahani. Aliporudi alisema tu, "Ameshakula," akakaa. Mjadala ukaisha.

Jioni Nahodha hupanda juu ya ukuta wa uani. Ndege ikipita, sikio moja hugeuka, kichwa hakigeuki. Watoto wa jirani, ambao hawajawahi kuiona jahazi, wanamwita Kepteni. Anaitikia majina yote mawili, ilimradi ni wakati wa chakula.