Kisite, Kisiwa Kisicho na Mtu

Mtu aliyezaliwa penye ardhi tele huenda asijue thamani ya shubiri moja ya udongo; lakini aliyezaliwa Kanja, katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, huifahamu thamani hiyo kabla hajafundishwa kusoma. Kwetu michai hufika ukingoni mwa barabara, mibuni husimama karibu na mlango wa nyumba, na migomba huteremka bondeni mpaka jembe lisipoweza kushuka tena. Kwa hiyo si ajabu mwanafunzi wa kwetu, aonyeshwapo katika ramani kisiwa kisichokaliwa na mtu, kuuliza: "Mwalimu, kina faida gani?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake lapasa kuwa zaidi ya kusema kwamba kisiwa ni kizuri kutazama. Nimeandika insha hii, msomaji, ili nilijibu.

Kisiwa nitakachokieleza chaitwa Kisite. Kipo katika Kaunti ya Kwale, si mbali na mpaka wa Kenya na Tanzania. Msafiri atokaye Mombasa huvuka kivuko cha Likoni, akaenda kusini karibu kilomita 80 mpaka Shimoni, kisha akapanda chombo na kupita kisiwa cha Wasini. Wasini kuna kijiji cha kale, misikiti na wavuvi. Kisite hakuna nyumba, hakuna kisima, hakuna kijito. Ni jiwe kavu lililozungukwa na maji ya chumvi, na jua likiwa kali hakuna kivuli cha kumtosha mtu mzima.

Jiwe hilo halikutoka katika moto wa ardhi kama mawe ya mlima wetu. Lilijengwa na viumbe hai. Matumbawe ni wanyama wadogo sana wajijengeao maskani ya chokaa chini ya maji, kizazi juu ya kizazi. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na matumbawe yakajenga miamba mirefu kandokando ya pwani yetu. Bahari iliposhuka, miamba ile iliachwa nje, ikafa, ikawa mawe makali yakatayo hata soli ya kiatu. Asili ya majabali na visiwa vingi vya pwani ni hiyo. Tangu hapo mawimbi, pamoja na wanyama watoboao mawe, yameitafuna miguu ya majabali hayo, hata mengine yakafanana na uyoga: kichwa kipana na shingo nyembamba.

Nilikwenda huko katika likizo ya mwezi wa Agosti, kusi ikivuma na bahari ikiwa na mawimbi makubwa. Nahodha wetu alikuwa mzee wa Wasini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu, keti katikati ya chombo, usiogope." Tulipokaribia Kisite alipunguza mwendo, akasimamisha chombo mbali kidogo na jiwe. Hatukushuka. Juu ya mwamba walikuwako ndege weupe wengi, kelele zao zikishindana na sauti ya mawimbi.

Ndege hao huitwa buabua, nao ni wa jamii moja na shakwe. Aina niliyoiona hupata wekundu mwepesi wa waridi kifuani wakati wa kuzaa. Hajengi kiota. Hutaga yai moja au mawili juu ya jiwe tupu au penye majani machache, akayakalia usiku na mchana pamoja na mwenziwe kwa zamu. Hatagi mahali penye paka, panya wala mbwa, kwa kuwa hana mlango wa kufunga wala mti wa kujificha. Mlango wake ni bahari, na ukuta wake ni upweke. Mtu akishuka hapo hata kwa nia njema, ndege wote huruka; mayai hubaki juani, na kwa muda mfupi joto la jiwe laweza kuua kilichomo ndani. Hapo nilifahamu kwa nini mzee hakutushusha.

Nilimwuliza nahodha kama ndege hao wana faida kwake. Akacheka, akasema: "Mwalimu, hao ni macho yetu. Wakikusanyika juu ya maji, mvuvi hujua pa kwenda." Maneno yake ni kweli. Jodari na samaki wengine wakubwa huwafukuza dagaa kutoka chini mpaka juu. Buabua huwaona dagaa hao, akajitupa majini kuwakamata. Na mvuvi akiwaona buabua hujua kwamba jodari yupo. Hivyo yai lililovunjwa juu ya jiwe laweza kumpunguzia mvuvi dalili yake baharini.

Wageni wengine hufika pwani yetu kusi ikiisha. Yuko ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene, ambaye chakula chake kikubwa ni kaa. Huzaa katika fukwe za nchi kama Oman, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani yake. Kisha huja kwetu kupitisha miezi ya kaskazi, kama mabaharia wa majahazi walivyofanya kwa karne nyingi. Lakini yeye haji kuuza tende. Huja kutafuta ufuo usio na bughudha.

Pia, usidhani kwamba mpaka wa kisiwa ni pale jiwe linapoishia. Chini ya maji yako matumbawe yaliyo hai, kasa, pomboo, na samaki wa rangi nyingi. Samaki jike akiachwa akue hutaga mayai mengi kupita kiasi kuliko mdogo wake, na mikondo huyachukua mayai hayo mbali na mahali yalipotagwa.

Hata hivyo, nisikufiche upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 1973 serikali ilipotangaza bahari ya Kisite kuwa hifadhi, wavuvi walilalamika, kwa maana maji hayo yalikuwa shamba lao tangu enzi za babu zao. Mkulima wa Kanja akiambiwa leo kwamba nusu ya shamba lake halilimwi tena, je, atashangilia? Mwaka 1978 mipaka ilitangazwa upya: Kisite ikabaki bila uvuvi, na sehemu ya visiwa vya Mpunguti, jirani yake, ikaachwa kwa uvuvi wa jadi. Haki ya kiumbe asiyesema isipopimwa pamoja na haki ya mtu mwenye njaa, hifadhi huwa dhuluma. Na njaa ya leo ikipewa yote, kesho itakuta sahani tupu. Wala ulinzi wa mpaka hautoshi kwa kila adui: mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ya Kenya, ndani na nje ya hifadhi.

Basi, je, kisiwa kisicho na mtu kina faida gani? Babu zetu wa Embu na Mbeere walijua jibu bila kuiona bahari. Walikuwa na vichaka vitakatifu ambamo shoka halikuingia, na hata leo kilima cha Kirimiri, karibu na Runyenjes, kingali na msitu wake kati ya mashamba yaliyokibana pande zote. Mkulima mwenye busara hapiki mahindi yote ya ghala, huacha mbegu. Kisite ni mbegu ya bahari.

Msomaji kijana, siku moja utakuwa diwani, mpimaji wa ardhi, mvuvi au mzazi, nawe utaulizwa mahali fulani patupu patumiweje. Kabla hujajibu, simama mbali kidogo, utazame kwa utulivu, na uulize ni nani anayekaa pale asiyeweza kuja mkutanoni kujitetea.